Rudi Pale Miguu Yako Ilipo

Leo nataka tuzungumze juu ya mawazo, yale yanayomkamata mtu saa nane za usiku, nyumba nzima imelala fofofo, yeye peke yake anaangalia mabati na kupiga hesabu ambayo haitoki. Karo. Kodi ya nyumba. Mkopo wa kikundi. Mama mgonjwa kijijini. Simu iliyoahidiwa na haijapigwa. Anageukia ubavu huu, anageukia ule, jogoo anawika, naye hajapata jibu wala usingizi.

Tuzungumze tukiwa Ggaba. Asiyeijua nimwelekeze: ukitoka katikati ya Kampala ukashika njia ya kusini mashariki, utapita Kabalagala, utapita Kansanga na Bunga, na kiasi cha kilomita 12 kutoka mjini barabara inakwisha, ziwa linaanza. Ni Ziwa Viktoria, wenyeji wanaliita Nalubaale, na mkono wake unaoingia hapa unaitwa Ghuba ya Murchison. Pana mwalo, pana soko la samaki, pana boti zinazovusha watu na mizigo yao, pana seminari kuu ya Wakatoliki, na pana mitambo ya maji inayoinywesha Kampala. Kando ya barabara hiyo wanaishi Waganda wenyeji pamoja na watu waliotoka kwingi: Wacongo, Wasudani Kusini, Waeritrea, Wasomali. Kiswahili cha Goma na cha Bukavu utakisikia kwenye saluni, kanisani na kwenye foleni ya maji.

Nimeichagua Ggaba kwa makusudi, kwa sababu watu wake wana haki ya kuwa na wasiwasi. Mei 2020, mvua zilipozidi, ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa mwaka 1964. Maji yakaingia mwaloni, yakaingia vibandani, na nchi wakati huohuo ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona. Kabla ya hapo, Novemba 2018, mashua ya starehe MV Templar ilizama upande wa Mukono, kwenye ziwa hilihili, wakafa zaidi ya watu 30. Mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kusimamia uvuvi ziwani: boti zisizofika futi 28 zikakamatwa, nyavu za matundu madogo zikachomwa moto. Sheria ile ilikuwa na sababu yake, samaki walikuwa wanakwisha. Lakini aliyekopa pesa kununua boti ndogo anajua mwenyewe alilala vipi usiku ule ilipokamatwa.

Na juu kidogo kutoka ziwani, kwenye vyumba vya kupanga, wapo wakimbizi waliokuwa wamekwisha kufanya mahojiano yote ya kuhamia Marekani, wamepimwa afya, wengine wamekwisha kugawa vyombo vyao kwa majirani. Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na safari zikafutwa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ana mawazo mengi kupita kiasi, unamkosea. Mawazo yake yana anwani.

Kwa hiyo sitasema hapa kwamba wasiwasi ni upungufu wa imani, wala sitamwambia mtu asahau shida zake. Ninalotaka kusema ni dogo zaidi, na naliamini kwa moyo wote: shida huwa mahali pake na kwa wakati wake, na mwili wako upo mahali na wakati mwingine kabisa. Ukijifunza kurudi ulipo mwili, hata kwa dakika moja, unapata pa kusimama. Na anayesimama ndiye anayeweza kufanya kitu.

Tuanze na jambo ambalo wengi hatukufundishwa, la kutenganisha kupanga na kuhangaika. Kupanga kuna mwisho. Unakaa, unaona karo imepungua shilingi laki mbili, unaamua kesho asubuhi utakwenda kwa mwalimu mkuu kuomba kulipa kwa awamu. Umemaliza, limebaki la kwenda. Kuhangaika hakuna mwisho. Unaanza na ile laki mbili, unafika mtoto kafukuzwa, unafika mtoto kaingia makundi ya vijiweni, unafika polisi, unafika jela, na bado ni saa tisa za usiku na mtoto mwenyewe yuko chumba cha pili anakoroma. Mwili hautofautishi jela ya kweli na jela ya kuwaza. Moyo unakwenda mbio, shingo inakaza, tumbo linajikunja, kana kwamba askari wamekwisha kugonga mlango.

Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu saa yoyote ya siku: unafanya nini sasa hivi, unawaza nini, unajisikiaje? Karibu nusu ya nyakati zote walizoulizwa, akili haikuwepo kwenye jambo walilokuwa wakilifanya. Na akili ilipokuwa imetangatanga, watu walijisikia vibaya zaidi. Hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na raha kuwashinda wale ambao akili yao ilikuwa kwenye kazi. Wengi wa waliohojiwa walikuwa Wamarekani, watu wenye simu za bei. Hata hivyo, mtu yeyote aliyewahi kupika ugali huku akiwaza deni anaijua hali hiyo bila kuhojiwa.

Sasa shukeni nami hadi sokoni. Simameni karibu na mama anayepaa samaki, msimharakishe, mtazame mikono tu. Ngege, ambaye wenzetu wa Mwanza humwita sato, amelala juu ya ubao uliolowa. Mkono wa kushoto umemkamata kichwani, kidole gumba kimekaza kwenye shavu. Mkono wa kulia una kisu. Unakwenda kutoka mkiani kuelekea kichwani, kinyume cha magamba, na magamba yanaruka, mengine yanamganda mama kwenye vikono vya blauzi. Pezi la mgongoni lina miba, mkono ukiteleza unachomwa, na mchomo wa ngege unauma hadi jioni. Halafu anapasua tumbo kwa ncha tu ya kisu, hazamishi, kwa sababu ndani kuna nyongo. Nyongo ikipasuka nyama inakuwa chungu, na mteja harudi. Anaingiza vidole viwili, anavuta matumbo yote na nyongo yake nzima, anatupa, anamwagia samaki maji, anamchanja ubavuni ili chumvi iingie, anapokea pesa, anamshika mwingine.

Mama huyo ana watoto, ana kodi, ana deni kama wewe na mimi. Hayakumtoka kichwani kwa kuwa ameshika kisu. Lakini kwa kitambo kile ambacho ncha inapita jirani na nyongo, akili yake yote iko kwenye ncha. Hakuna aliyempeleka darasani kwa hilo. Ustadi ninaouzungumzia leo anao tayari, na wewe pia unao: unao unapofuma, unapochomea chuma, unapopitisha boda boda katikati ya magari mawili, unapomwogesha mtoto mchanga. Kazi ya mkono inamrudisha mtu hapo alipo. Usiku hakuna samaki wa kupaa. Ndiyo sababu mawazo huchagua usiku, na ndiyo sababu lazima tujifunze kufanya kwa kukusudia kile ambacho mchana tunakifanya bila kujua.

Je, kuna ushahidi kwamba kinafundishika? Upo, na umetoka hapahapa Uganda, kwa watu wenye shida kubwa kuliko za wengi wetu. Kule West Nile kuna makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanakoishi maelfu ya watu waliokimbia vita vya Sudan Kusini. Watafiti wakiongozwa na Wietse Tol waliwachukua wanawake 694 katika vijiji 14 vya makazi yale, wote wakiwa na dhiki ya moyo. Nusu ya vijiji wakapata mafunzo yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, yaitwayo Self-Help Plus. Nusu nyingine wakapata msaada wa kawaida ulioongezwa kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Global Health.

Mimi kama mtu wa redio kilichonigusa zaidi ni njia waliyoitumia. Hapakuwa na daktari mbele. Wanawake walikaa pamoja, ishirini au thelathini, vikao vitano vya saa mbili hivi, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba. Walioongoza kikao walikuwa wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Kila mmoja alipewa kitabu cha michoro, ambacho hata asiyejua kusoma anaweza kukifuata. Sauti tu, wasikilizaji wangu, na watu waliokaa wakaisikiliza pamoja. Sisi tulioko kwenye redio tuna wajibu wa kulifikiria hilo.

Na somo la kwanza kabisa waliloanza nalo ndilo letu la leo. Tambua kwamba dhoruba ya mawazo imeingia. Punguza mwendo, toa pumzi taratibu, kanyaga chini kwa nguvu. Kisha tazama kilicho mbele yako: unaona nini, unasikia nini, mkono wako umegusa nini. Hakuna aliyewaambia wafikirie mambo mazuri. Mwanamke aliyeona nyumba yake ikichomwa hawezi kuambiwa afikirie mambo mazuri.

Miezi mitatu baadaye, wale waliopata mafunzo walikuwa na dhiki pungufu kuliko wenzao, na dalili za sonona zilikuwa zimepungua. Nafuu yenyewe haikuwa kubwa ya kushangaza, na kadiri muda ulivyopita ilipungua kuliko ilivyokuwa siku za mwanzo. Nawaambia hayo ili mtu asidhani nauza dawa ya muujiza. Aliyeuawa hakufufuka, na mgao wa chakula haukuongezeka. Ila waliofundishwa walipata nafuu. Kwangu mimi hilo ni kubwa.

Turudi Ggaba, kwenye mitambo ya maji, kwa sababu pale kuna jambo linalonisaidia kueleza. Ghuba ya Murchison inapokea sehemu kubwa ya maji machafu ya jiji kupitia mfereji wa Nakivubo, na mwani unastawi humo hadi maji yanageuka kijani. Maji hayo ndiyo yanayovutwa, yanasafishwa, yanapandishwa kwenye matangi ya vilimani na kuteremka hadi kwenye mabomba yetu. Wengi hudhani maji machafu ukiyaacha yatulie yatajichuja yenyewe. Tope zito litazama, kweli. Lakini zile chembechembe laini hazizami hata ukingoja wiki, kwa kuwa chembe zinasukumana, kila moja inaikimbia mwenzake, zinabaki zinaelea. Kinachotiwa ni dawa ya jamii ya shabu, ileile shabu ambayo watu wetu wa pwani walikuwa wakiizungusha mtungini. Shabu inazipa chembe mahali pa kushikia. Zinashikamana, zinakuwa nzito, zinazama, na maji yaliyobaki juu yanapitishwa kwenye mchanga.

Mtu mwenye mawazo tunamwambia: tulia. Tunamwambia tena: acha mawazo. Naye anajaribu, masikini, anajilaza, anafumba macho, anangoja kutulia, na chembe zinazidi kuzunguka. Kumwambia atulie hakutoshi. Mpe kitu cha kushikia, kitu kidogo kilichopo sasa hivi, kisichohitaji pesa wala ruhusa ya mtu: ubaridi wa sakafu chini ya nyayo, pumzi inayotoka puani, mlio wa injini ya boti kwa mbali, harufu ya samaki wa kukaanga inayoingia dirishani. Akili ikishika kimoja, mawazo yatakuja tena kuivuta. Itakwenda. Ukigundua imekwenda, irudishe bila kujigombeza. Kazi yenyewe ni hiyo ya kurudisha. Ukirudisha mara hamsini kwa dakika kumi, umefanya vizuri mara hamsini, wala usidhani umeshindwa.

Tujaribu pamoja. Kama unaendesha gari au umepanda boda, sikiliza tu, utafanya ukifika. Wengine wote, fanyeni hapo mlipo, na macho msifumbe.

Weka nyayo zote mbili chini. Zisukume, kama unataka kuacha alama. Sikia sakafu inavyokusukuma na wewe. Sasa vuta pumzi kawaida, kisha itoe polepole, iwe ndefu kuliko ulivyoivuta, kama unapuliza chai ya moto usiimwage. Kuna sababu ya kufanya hivyo: pumzi inapotoka, mapigo ya moyo hupungua kidogo, na mwili unapata habari kwamba hatari haijafika mlangoni. Tena. Tafuta kitu kimoja unachokiona, ukitaje kimoyomoyo kwa jina lake na rangi yake: ndoo ya bluu, kanga ya shangazi, msumari ukutani. Tafuta sauti moja zaidi ya sauti yangu. Sasa mkono wako wa kulia umeshika nini? Ni cha moto au baridi, laini au kinakwaruza?

Basi, ni hayo tu. Mawazo yako bado yapo, sikukuondolea hata moja. Ila kwa kitambo hicho uliyaona yakipita, hukuwa ndani yake.

Najua kuna msikilizaji sasa hivi anasema: pumzi hailipi karo. Kweli kabisa, hailipi. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi na naiheshimu, kwa sababu wapo wanaomhubiria maskini utulivu ili asiulize kwa nini ni maskini. Mimi siko upande huo. Mvuvi akinyang'anywa boti kwa kuonewa, aende adai. Mpangaji akipandishiwa kodi kiholela, azungumze na wenzake wamkabili mwenye nyumba. Lakini mtu ambaye hajalala kwa siku tatu hadai vizuri. Anakasirika mapema, anasahau karatasi nyumbani, anakubali masharti mabaya ili mradi yaishe. Nataka aende pale akiwa na akili yake yote.

Na kuhangaika kwenyewe, badala ya kukupiga marufuku, kupangie muda. Thomas Borkovec wa Marekani na wenzake walilijaribu jambo hilo mwaka 1983: mtu achague nusu saa ya siku, saa ileile na mahali palepale kila siku, awe anahangaika hapo kwa ridhaa yake. Wazo likija nje ya saa hiyo, aliahirishe, arudishe akili kwenye kinachoendelea. Waliofuata walihangaika kidogo zaidi kwa siku. Kwa maisha yetu ningesema jioni, kabla ya chakula, na karatasi na kalamu. Andika kila linalokusumbua. Pembeni andika la kufanya kesho, kama lipo. Kama halipo, liache wazi. Usiku wazo likija unaliambia: wewe nimekuandika, tutaonana saa kumi na mbili jioni. Usicheke, lijaribu. Kitandani pasiwe ofisi ya madeni.

Lipo swali jingine, hili la imani, ambalo waumini hasa hulileta: je, haya si mambo ya dini za mashariki? Wabuddha wamelifundisha jambo hili kwa karne nyingi, ni kweli, na hata kwetu wana kituo chao Garuga, kwenye njia ya Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Lakini kuangalia pale ulipo hakuna dini iliyokuhodhi. Mwislamu anajua kutafuta khushuu, anajua aibu ya kusimama kwenye swala huku moyo uko sokoni unapima unga. Mkatoliki anaijua rozari inavyopita vidoleni, punje moja baada ya nyingine. Na wote waliosoma Injili wanakumbuka kwamba katika dhoruba ya ziwani, ndani ya mashua ya wavuvi walioshikwa na hofu, alikuwepo mmoja aliyekuwa amelala usingizi. Watu wa Ggaba hawahitaji kuelezwa ziwa lililochafuka linavyokuwa. Fanya ndani ya imani yako. Kama huna, fanya bila hiyo, nyayo zako zitakanyaga sakafu vilevile.

Sasa niseme na wale wanaongoja simu. Kungoja ni dhiki ya aina yake, kwa sababu hakuna la kufanya na hakuna siku ya kuhesabia. Wale ndugu zetu wa Januari 2025, na wengine wanaongoja hati, majibu ya hospitali, majina ya walioitwa kazini, simu imekuwa mkononi kutwa. Wanaifungua kabla ya kunawa uso. Wanaifungua katikati ya kumlisha mtoto, na mtoto anafungua kinywa, kijiko hakifiki. Naomba jambo moja tu kwenu. Chagueni nyakati za kuangalia, tuseme asubuhi, adhuhuri na jioni, na katikati ya hapo simu ikae kwenye kabati. Habari njema haitaoza kwa kungoja hadi adhuhuri. Na mnapomlisha mtoto, mlisheni. Angalieni meno yake mawili ya chini yanavyouma kijiko. Miaka hii mnayoingoja Marekani au Kanada ndiyo miaka yake ya utoto, hana mingine aliyowekewa akiba, na anaikulia hapa, Kansanga au Bunga, pamoja nanyi. Mnisamehe kama nimesema kwa ukali. Ni kwa sababu nawapenda.

Yapo ya kujihadhari. Kuna watu ambao wakifumba macho na kukaa kimya, wanachokutana nacho ndani ni picha za vita, za kubakwa, za mtu aliyekufa mikononi mwao. Kwao kimya kinaumiza. Ndiyo maana nimesema macho yawe wazi na akili itazame nje: mti, ukuta, sauti za barabarani, maji baridi mikononi. Ukiona zoezi linazidi kukupeleka kule, liache mara moja, simama, tembea, ita mtu. Na pombe ya waragi tuiseme kwa jina. Pale mwaloni, na kwingine kwingi, inanywewa ili kuyafukuza mawazo. Yanaondoka kwa saa chache, halafu yanarudi alfajiri yakiwa na maumivu ya kichwa na mfuko mtupu, na safari ya ziwani inangoja mtu mwenye macho makali.

Ukiwa na mume, mke, ndugu au mpangaji mwenzako aliyezama kwenye mawazo, usimpe hotuba hii. Kaa naye. Mwombe mfanye kazi pamoja, ya mikono: kuchambua mchele, kuanika dagaa, kufua. Muulize maswali ya hapo, si ya mwakani. Maji yamechemka? Hili shati ni la nani? Akitaka kulia alie, usimkatize kwa kumwambia Mungu yupo. Anajua yupo.

Na kama zimepita wiki mbili au zaidi hujalala sawasawa, huli, hutaki kuonana na watu, au umeanza kuwaza kwamba afadhali usiwepo, hapo mazoezi ya redio hayatoshi, na wala usingoje kipindi kijacho. Mwambie mtu leo hii, usiku huuhuu. Hospitali ya Taifa ya Butabika, upande wa mashariki wa Kampala, inatibu magonjwa ya akili tangu mwaka 1955, na wanaokwenda pale wengi hutibiwa na kurudi nyumbani kwao siku hiyohiyo. Walio mbali waende hospitali ya rufaa ya mkoa wao, waulizie kitengo cha afya ya akili. Usiende peke yako, chukua ndugu au jirani. Beba dawa zote unazotumia, hata za kienyeji. Na mhudumu akikuuliza una shida gani, usiseme kichwa tu. Mwambie ni tangu lini hujalala, na ni wazo gani linalokuja kwanza.